Mushale Inakimbia Mukono

JOSUÉ: Allô, nani huyu anapiga?

MADINA: Allô? Josué? Unanisikia?

JOSUÉ: Nasikia kidogo-kidogo. Réseau iko inakwaruza. Ni nani?

MADINA: Ni Madina. Madina ya Kabondo, dada ya—

JOSUÉ: Dada ya Idrissa.

MADINA: Njo mimi. Mbote, leki, mudogo yangu. Habari ya Kindu?

JOSUÉ: Mbote, yaya Madina, mukubwa yangu. Kindu iko. Muke yangu Claudine alisema kuna mutu ya Kisangani ananitafuta. Kumbe ni weye?

MADINA: Ni mimi. Numéro nilipata kwa mama yako, kule soko. Kwanza alikataa.

JOSUÉ: Alifanya muzuri kukataa. Yaya, mi nakuheshimu. Chakula yako nilikula mingi mu ile nyumba. Lakini kama Idrissa njo amekutuma, afazali tukate simu sasa hivi.

MADINA: Hajanituma.

JOSUÉ: Juu mi sina tena maneno na yeye.

MADINA: Hajanituma, Josué. Mi nimepiga kwa kichwa yangu. Ile siku ya tournoi, ile mashindano, mi sikukuwa mu salle. Nilisikia ya Idrissa, nikasikia ya batu ya barabara. Yako sijasikiaka hata siku moja.

JOSUÉ: Leo njo unataka kusikia?

MADINA: Leo.

[Pikipiki inapita upande wa Josué.]

JOSUÉ: Bon. Sikiliza. Ilikuwa mu salle ya jeux ya papa Henri, kule banacheza ku kompyuta. Équipe yenye kushinda inapanda ndege ku Bangboka, inaenda kucheza Kinshasa. Unajua ginsi Idrissa alikuwa anangoja ile safari. Yeye njo alikuwa mupigaji yetu. Mi nilikuwa natengeneza mashini. Asubui nilipita mashini kwa mashini, natosha accélération, naiondoa kabisa.

MADINA: Ile accélération balinifasiria mara mingi, sikusikia muzuri. Nifasirie kama mama ya soko.

JOSUÉ: Souris si unaijua? Ile kapanya ya ordinateur.

MADINA: Naijua. Tulikuwa nayo nyumbani.

JOSUÉ: Unaisukuma ku meza, mushale inatembea mu écran. Sasa, kama accélération iko ndani, mashini inaangalia mbio ya mukono. Ukisukuma polepole, mushale inatembea kidogo. Ukisukuma ile urefu moja, lakini kwa haraka, mushale inaruka, inapita fasi ulitaka ifike. Kwa mutu ya bureau haina mambo. Kwa sisi ya jeu ya kupiga bunduki, ni kifo. Juu mukono inajifunza, yaya. Mukono ya Idrissa ilikuwa inajua: nikisukuma urefu ya kidole, mushale inatua ku kichwa ya adui. Alikuwa anapiga bila kuwaza. Ukiweka accélération, mashini inadanganya ile mukono.

MADINA: Na weye uliitosha.

JOSUÉ: Kuna kasanduku kadogo ndani ya mashini. Bameandika pale 'améliorer la précision', eti inalenga muzuri. Ni uongo, haiongeze précision yoyote. Unatosha alama, basi, accélération imekufa. Yake njo nilianza nayo. Nilitosha, nikamwita, akajaribu, akasema iko sawa. Alikuwa anapiga miayo, nakumbuka. Nikamuambia, weye, siku kama hii unalala?

MADINA: [polepole] Alikuwa anapiga miayo.

JOSUÉ: Kiisha jeu ikaanza. Na mushale yake ikawa inapita adui. Inapita, anarudisha, inapita tena upande ingine. Batu bakaanza kucheka. Yaya, huyu ni mutu mwenye Tshopo yote ilikuwa inaogopa. Tukapoteza. Akatosha casque ku kichwa, akasimama, akasema mbele ya batu yote: 'Josué amerudisha accélération. Ba-équipe ya Makiso bamemununua.' Nikamuambia, kuya, angalia écran, kasanduku kako wazi, hakuna alama. Hakuangalia. Akakamata clavier, ile ya kuandikia, akanipiga nayo mu mudomo.

MADINA: Hiyo nilisikia.

JOSUÉ: Meno mbili ilianguka pale pale. Na papa Henri, badala ya kumushika yeye, akaniambia mimi nitoke, nisirudi. Batu niliwafundisha kazi na mikono yangu, hakuna hata moja alifungua mudomo. Ukipita mu Kabondo banasema, njo huyu aliuzisha ndugu yake. Ndio maana niko huku. Kwa hiyo, yaya, kama anataka maneno iishe, apige yeye mwenyewe. Aseme pardon, mi nitasikia. Asitume dada.

MADINA: Hawezi, Josué.

JOSUÉ: Hawezi juu ya nini? Hana mudomo?

MADINA: Tulimuzika.

[Simu inakwaruza.]

MADINA: Josué. Uko?

JOSUÉ: Niko.

MADINA: Nilitaka kukuambia mbele, ukakataza jina yake—

JOSUÉ: Mulimuzika lini?

MADINA: Mbele ya Ramadhani. Matanga imekwisha.

JOSUÉ: Idrissa?

MADINA: Idrissa.

JOSUÉ: Ni pikipiki? Balimugonga?

MADINA: Hapana. Ugonjwa. Ikaa chini, leki. Uko umeikaa?

JOSUÉ: Sema tu, yaya.

MADINA: Uko umeikaa?

JOSUÉ: ...Nimeikaa.

MADINA: Toka ile siku ya tournoi, hakukuwa tena mutu. Alirudi nyumbani na ile souris mu mufuko, akaifungua na kisu ya jikoni, akatosha bintu ya ndani, akapangusa, akarudisha. Akanunua ingine. Nayo akasema iko na accélération. Salle ya papa Henri alikataa kwenda, akaenda kucheza kule Mangobo, akarudi na kasirani, anasema hata kule mumepita, weye na watu yako, mumeharibu mashini. Kiisha akawa anaikaa chini, ku mukeka, bila ordinateur, anasukuma souris peke yake. Macho imefunga. Mama akimuuliza unafanya nini, anajibu, nafundisha mukono.

JOSUÉ: Mungu yangu.

MADINA: Na usingizi. Muchana yote iko analala. Tunaikaa kula, anatia vidole mu lituma, ile ndizi ya kuponda, analala vile vile, mukono ndani ya sahani. Usiku tunasikia anatembea mu lupango, inje ya nyumba. Tulisema ni bangi.

JOSUÉ: Idrissa havutake bangi.

MADINA: Sasa tunajua. Lakini mutoto anaamuka na kasirani, anavunja sahani, mama anamuambia neno moja ndogo, anamupiga kofi. Idrissa, mwenye kuosha mama miguu wakati alikuwa mugonjwa. Utasema ni nini? Tukasema bangi. Majirani bakasema ni mutu amemuloga. Tukamwita shehe asome. Jirani yetu ya upande ya kushoto anakuya kila siku, tumupeleke ku chumba ya maombi, eti iko na pepo ya kulala.

JOSUÉ: Na dispensaire?

MADINA: Tulienda. Malaria. Tukarudi, malaria na typhoïde. Dawa ile ile, anameza, anakonda. Mpaka siku alikuwa amepanda toleka, nyuma ya baiskeli, akalala, akaanguka mu barabara ya soko. Kichwa ikapasuka. Hiyo njo ilimufikisha mu hospitali kubwa.

[Simu inakatika-katika.]

JOSUÉ: —allô? Sikusikia. Mu nini?

MADINA: Hospitali kubwa. Balimushona. Pale kuna docteur moja, mwanamuke, hakusema mingi. Balimuita juu ya kidonda, yeye akashika shingo. Akagusa-gusa nyuma, kuna bibonge vidogo. Akaniuliza, huyu aliwahi kuishi fasi ya mto, fasi ya nzi ya kuuma? Nikajibu mbele ya kuwaza. Nikasema Yangambi. Ku shamba ya tonton Asumani, ngambo ile. Unakumbuka zile nzi.

JOSUÉ: Nakumbuka. Endelea.

MADINA: Akamuambia Idrissa, gusa pua yako na kidole. Akagusa. Sasa gusa kidole yangu. Idrissa akanyoosha mukono, kidole yake ikapita ile ya docteur. Ikaenda mbele, mu hewa. Docteur akasema, jaribu tena. Akajaribu. Ikapita tena. Mi nilikuwa nimesimama pale, Josué. Akaangalia kidole yake vile mutu anaangalia nyoka. Mara ya tatu hakujaribu tena. Akaweka mukono ku tumbo, akasema, 'Hapa hakuna souris.' Akanigeukia, akasema, 'Yaya, Josué hakurudisha kitu.'

JOSUÉ: Alisema vile?

MADINA: Vile vile. Na akalia. Nilikuwa sijamuona analia toka baba alikufa.

[Sauti ya mtoto na ya sufuria upande wa Madina.]

JOSUÉ: Na hakunipigia?

MADINA: Alipiga. Numéro yako ya zamani alikuwa nayo mu kichwa. Tulipiga na simu yangu, haipiti. Akasema labda umezima, tujaribu tena. Kila nikiingia na chakula, kitu ya kwanza: yaya, umejaribu?

JOSUÉ: Ile carte sim niliitupa. Siku nilitoka Kisangani.

MADINA: Najua. Mama yako aliniambia.

JOSUÉ: Niliitupa mu mto, yaya.

MADINA: Sikupigii juu ya hiyo.

JOSUÉ: Ile ugonjwa inaitwa nini?

MADINA: Ugonjwa ya usingizi. Ile ya nzi ya tsetse. Docteur alifasiria kwamba nzi inakuuma leo, mududu inaingia mu damu, inakaa pale bila kelele, muda murefu. Miaka hata. Hausikie kitu, labda homa inakuya inaenda. Kiisha inapanda mu kichwa. Pale njo unalala muchana, unakasirika, mukono inatetemeka, inapita fasi unataka. Balimutosha maji ya mugongo, bakakuta mududu iko mule tayari.

JOSUÉ: Lakini dawa si iko?

MADINA: Iko. Balimupatia sérum, na sindano. Alianza hata kuniita jina yangu muzuri. Lakini alikuwa amebaki mifupa, na mapafu ikashikwa. Juma moja ya homa, basi.

JOSUÉ: Ni mimi nilimupeleka kule.

MADINA: Wapi?

JOSUÉ: Yangambi. Wakati ya corona, ma-salle yote ilifungwa, njaa. Mi njo nilisema, tuende kwa tonton Asumani, tutengeneze ma-radio na panneau za solaire za watu, tusaidie ku shamba ya michikichi. Yeye hakutaka. Alikuwa anaogopa mtumbwi.

MADINA: Nani alijua? Tonton yake mwenyewe alikuwa anakaa kule.

JOSUÉ: Na ginsi tulikuwa tunacheka zile nzi. Zinatoboa shati. Idrissa akasema hizi hazibahatishe, hizi njo zinajua kupiga.

MADINA: Josué.

JOSUÉ: Aa, Idrissa.

MADINA: Josué, unisikie sasa. Unités ya simu haiko mingi. Mi sikupiga kwa pardon peke. Ile docteur aliniuliza, nani aliishi naye kule? Nikasema tonton. Timu ya hospitali ikashuka na bateau mpaka ku shamba, bakapima tonton Asumani, bakapima ba jirani yake. Tonton hana kitu. Akaniuliza tena, na mwingine? Nikasema kuna mwingine.

JOSUÉ: Mi niko muzima.

MADINA: Nafurahi kusikia.

JOSUÉ: Sina homa, sina nini. Nafanya kazi kila siku. Niko motard hapa, nabeba watu na pikipiki.

MADINA: Docteur anasema si lazima homa.

JOSUÉ: Yaya, nakula, nakunywa.

MADINA: Nilipiga jana saa ya chakula. Claudine akapokea. Nikamuuliza Josué iko? Akasema iko analala.

JOSUÉ: Nilikuwa nimechoka.

MADINA: Juzi nilipiga asubui. Iko analala.

JOSUÉ: Kindu ni joto. Batu yote banalala muchana.

MADINA: Claudine halali.

JOSUÉ: Claudine alikuambia nini?

MADINA: Usimukasirikie.

JOSUÉ: Nauliza alikuambia nini. Mwanamuke anasimulia mambo ya nyumba yangu kwa simu, kwa mutu hajui—

MADINA: Sikia sauti yako.

JOSUÉ: Nini, sauti yangu?

MADINA: Unaongea kwa kelele. Weye haukukuwa vile. Idrissa alikuwa anapiga kelele, weye unatengeneza mashini kimya. Nyumba yetu yote ilikuwa inajua vile.

JOSUÉ: Pardon, yaya.

MADINA: Hakuna pardon. Claudine alilia, njo vile tu. Alisema ulianguka na moto, ile pikipiki yako.

JOSUÉ: Barabara ilikuwa na matope.

MADINA: Alisema hakukuwa mvua. Tia mukono nyuma ya shingo. Chini ya sikio, kuelekea nyuma. Gusa polepole.

JOSUÉ: Yaya—

MADINA: Gusa. Docteur alinifundisha mimi, nikajigusa, nikagusa mama na watoto yangu. Haiume.

[Simu inasuguana na nguo.]

MADINA: Kuna kitu?

JOSUÉ: Mifupa tu.

MADINA: Pale hakuna mufupa, Josué. Pale ni laini.

[Simu inasuguana na nguo tena.]

MADINA: Ungali unacheza?

JOSUÉ: Kucheza nini?

MADINA: Jeu. Kule Kindu haina salle?

JOSUÉ: Iko moja, karibu ya port. Nilienda, mara mbili tatu. Niliacha.

MADINA: Juu ya nini?

JOSUÉ: Mashini zao ni mbaya.

MADINA: Mbaya ginsi gani?

JOSUÉ: Za zamani. Souris zimekufa. Mushale inakimbia.

MADINA: Inakimbia.

JOSUÉ: Inapita. Unajua... wanaacha accélération ndani, hawajui kutengeneza.

MADINA: Weye unajua kutengeneza.

JOSUÉ: Najua.

MADINA: Ulitosha ile alama?

JOSUÉ: Njo kitu ya kwanza mi nafanya. Hata mbele ya kuikaa muzuri. Nafungua, natosha.

MADINA: Na kiisha?

JOSUÉ: Nilibadilisha mashini. Nikatosha kule pia.

MADINA: Na mushale?

JOSUÉ: ...Ilikuwa inapita, yaya.

[Simu inakatika, inarudi.]

MADINA: —sué? Josué?

JOSUÉ: Niko hapa.

MADINA: Mi nilizani umekata.

JOSUÉ: Nilisema ni mashini. Nilirudi nyumbani nikamuambia Claudine, hawa watu ya Kindu hawajui mashini.

MADINA: Sikia. Idrissa tulichelewa. Weye unatembea, unaongea, unakula, mukono ikitoka ku sahani inafika ku mudomo. Docteur anasema kuna dawa ya kumeza sasa, vidonge tu, hawalipishe, kama hujachelewa. Hospitali ya Kindu banaweza kukupima, balinihakikishia. Banatoboa kidole, basi.

JOSUÉ: Kiisha maji ya mugongo.

MADINA: Labda.

JOSUÉ: Na kama iko mu kichwa tayari? Ni sérum. Ile ya Idrissa.

MADINA: Ndio. Ni sérum.

JOSUÉ: Yeye alikufa na sérum.

MADINA: Alikufa juu sisi tulizungusha ku shehe na ku malaria, mpaka akabaki mifupa. Wengi banapona. Nilikuta mama moja ya Isangi mule ndani, balimuleta ku machela, akarudi na miguu yake.

JOSUÉ: Nitaenda kesho.

MADINA: Hapana.

JOSUÉ: Leo nina wateja, yaya. Kuna mama moja nimemuahidi kumupeleka na mizigo yake mpaka—

MADINA: Na moto?

JOSUÉ: Na moto.

MADINA: Na mutoto ku mugongo, labda. Weye mwenye usingizi ya muchana, ukae mbele, yeye nyuma na mutoto. Idrissa alikuwa nyuma ya baiskeli tu, na kichwa ikapasuka. Moto iko wapi?

JOSUÉ: Iko inje, chini ya majani ya kibanda.

MADINA: Funguo?

JOSUÉ: Mu mufuko.

MADINA: Claudine iko karibu?

JOSUÉ: Iko jikoni. Iko anatwanga pondu, majani ya muhogo.

MADINA: Mwite. Mupatie funguo. Nataka nisikie.

JOSUÉ: Yaya, mi si mutoto.

MADINA: Hapana, si mutoto. Ulikuwa ndugu mu nyumba yetu, na mi nimezika moja. Mwite.

[Josué anaita: "Claudine! Kuya." Hatua. Maneno ya chini ambayo hayasikiki vizuri.]

MADINA: Allô? Amekamata?

JOSUÉ: Amekamata. Ameweka mu kitambaa, ku kiuno.

MADINA: Ulimuambia juu ya nini?

JOSUÉ: Nilisema tunaenda hospitali. Hakuuliza. Amezima moto ya jikoni, iko anavaa viatu.

MADINA: Iko anavaa viatu, na pondu haijaiva.

JOSUÉ: Ni kama alikuwa anangoja tu mutu aseme.

MADINA: Mukifika, museme jina ya ugonjwa moja kwa moja. Musikubali baseme malaria. Sema uliishi Yangambi, sema nzi, sema mwenzako alikufa nayo. Unasikia? Sema mwenzako alikufa nayo.

JOSUÉ: Nitasema.

MADINA: Na Claudine aseme ya usingizi, juu weye utaficha.

JOSUÉ: Sitaficha.

MADINA: Utaficha. Unapenda kusema ni mashini.

[Sauti ndogo ya kampuni ya simu inalia: tii, tii.]

MADINA: Unités inaisha. Nitakupigia kesho na simu ya jirani.

JOSUÉ: Yaya Madina, ngoja.

MADINA: Sema upesi.

JOSUÉ: Pale mwisho. Ile juma ya mwisho. Alikuwa anajua?

MADINA: Alikuwa analala mingi.

JOSUÉ: Lakini wakati anaamuka. Aliogopa?

MADINA: Claudine amemaliza kuvaa?

JOSUÉ: Amesimama ku mulango. Yaya, nauliza. Aliogopa?

MADINA: Nenda, leki. Mutembee kivulini. Usiache mukono ya Cl—

[Simu inakatika.]

JOSUÉ: Allô? Yaya? Allô?